Je, wajua kwa nini aliyepasuliwa tumbo huulizwa kama amejamba?

Kwenye wodi ya upasuaji kuna swali ambalo kwingine kokote lingekuwa utovu wa adabu. Daktari anapita asubuhi na kundi la wanafunzi nyuma yake, anasimama mbele ya mzee mwenye heshima zake na wajukuu zake, kisha anamuuliza: "Mzee, umeshatoa hewa?" Mzee akitikisa kichwa kukubali, ndugu wanafurahi kama wamesomewa matokeo ya mtihani, na chupa ya uji inafunguliwa.

Mama yangu mdogo alipopasuliwa, mimi ndiye niliyejifanya mjuzi. Niliwaeleza wenzangu kwamba dawa ya usingizi imeyalaza matumbo yake yote, kwamba yakiamka yatapiga honi, na kwamba chakula kabla ya honi hakina pa kupita. Njaa wasiihofie, nikasema, dripu inamlisha. Sikuwa na shaka hata kidogo. Karibu kila nililosema lilikuwa na kasoro.

Tuanze na dripu, maana hilo ndilo kosa ninaloendelea kulisikia kila nikienda kumwona mgonjwa. Dripu ya chumvi hailishi. Ni maji na chumvi, kazi yake ni kuzuia mwili usikauke, na kalori zake ni karibu sifuri. Ile ya glukosi ya asilimia 5 ina gramu 50 za sukari kwa lita, yaani kama vijiko 12 vya chai, ambavyo vinatoa kalori zisizozidi 200. Mtu mzima wa kilo 60 anahitaji kati ya 1,500 na 1,800 kwa siku. Mtundikie lita tatu, bado hujafika hata nusu, na protini ya kuunga kidonda haimo kabisa. Mwili unaokosa protini unaichota kwenye misuli yake. Kwa hiyo yule mgonjwa tunayesema "anaishi kwa dripu" anajila mwenyewe polepole, huku sisi tumekaa pembeni tunahesabu matone.

La pili, dawa ya usingizi siyo mhalifu mkuu. Mwaka 1906 mwanafiziolojia wa Marekani Walter Cannon na mwenzake Murphy waliwafanyia paka upasuaji, kisha wakawatazama kwa eksirei ili kuona chakula kinavyosafiri tumboni. Kilichosimamisha safari zaidi ni mikono ya mpasuaji. Utumbo haupendi kushikwashikwa. Kwanza neva zake zinaamuru kila kitu kisimame. Saa chache baadaye, seli za kinga zilizomo kwenye kuta zake zinaamka kwa hasira na kumwaga kemikali zinazolegeza misuli. Hapo hata dawa ya usingizi iwe imekwisha mwilini, mgomo unaendelea. Mofini ya kutuliza maumivu nayo inauongezea siku.

Ila hayo yote ni dogo mbele ya kosa la tatu, lile la kudhani matumbo yanalala pamoja na kuamka pamoja.

Fikiria nyumba yenye watu wengi. Mama anaamka kabla ya adhana, anawasha moto. Watoto wa shule wanafuata, wakijivuta. Kisha yuko mjomba, ambaye anatoka chumbani saa sita mchana, na ndiye mwenye ufunguo wa geti. Utumbo mwembamba ndiye mama: kwa kawaida unaanza tena kazi ndani ya saa chache, au siku moja hivi. Tumbo lenyewe, ule mfuko unaopokea chakula, huchukua siku moja hadi mbili. Utumbo mpana ndiye mjomba, siku mbili hadi tatu. (Huo ni wastani tu. Mtu aliyekatwa kipande cha utumbo na mtu aliyetolewa kidole tumbo hawako nyumba moja.)

Sasa, hewa inatokea wapi? Getini kwa mjomba. Kusubiri ushuzi ndipo uamini kwamba utumbo unafanya kazi ni sawa na kusimama barabarani hadi geti lifunguliwe ndipo ukubali kwamba jikoni kuna moto. Moto uliwashwa tangu jana. Na sehemu inayonyonya virutubisho ni jikoni kwa mama, siyo kwa mjomba, ambaye kazi yake kubwa ni kunyonya maji yaliyobaki.

Na hoja ya kwamba chakula hakina pa kupita? Hata mtu asipotia kitu mdomoni, mwili wenyewe unamimina ndani ya njia ya chakula mate, maji ya tumbo, nyongo, maji ya kongosho na ya utumbo. Kwa mtu mzima mwenye afya jumla yake ni karibu lita saba kwa siku, dumu la lita tano na zaidi, na karibu yote hunyonywa tena. Anayefunga hutoa pungufu, lakini zinabaki lita, siyo vijiko. Ukilinganisha na mafuriko hayo, kikombe cha uji ni mgeni mdogo sana.

Ndiyo maana hospitali nyingi siku hizi zinawapa waliopasuliwa kinywaji na hata chakula ndani ya saa 24, bila kusubiri honi. Aliyejifungua kwa upasuaji bila matatizo ndiye mfano rahisi, kwa kuwa matumbo yake huwa hayakuguswa sana: mwongozo wa Uingereza unasema ale na anywe akisikia njaa au kiu. Mtori usingoje sana. Wengine watatapika, hilo lipo, na wakitapika wanapumzishwa.

Kuna hata waliojaribu kuudanganya utumbo kwa jojo. Wajapani walichapisha utafiti mwaka 2002: mgonjwa atafune tu, ubongo udhani chakula kinakuja, neva ziamshe nyumba. Waliotafuna walitoa hewa mapema kwa takriban siku moja. Wazo zuri mno, bei yake senti. Lakini wagonjwa walikuwa 19 tu, na Uholanzi walipojaribu kwa watu 2,000, matokeo yaliyochapishwa mwaka 2018 hayakuonyesha kwamba jojo lilipunguza siku za kulazwa. Halina madhara makubwa. Muujiza pia halina.

Hata hivyo swali la daktari halijawa upuuzi. Wapo ambao utumbo haugomi tu, umeziba kweli: nyuzi za makovu zimeubana, au umejikunja. Tumbo linajaa na kuuma, matapishi yana rangi ya nyongo, hewa haitoki kabisa. Huyo akilishwa kwa mdomo anaongezewa balaa. Anawekewa mpira wa puani ili tumbo limwagwe, anapewa maji ya mshipani, na anaangaliwa kwa makini kama atahitaji kurudi kupasuliwa.

Ikionekana hatakula kwa zaidi ya siku tano, mwongozo wa Ulaya unataka lishe ianze bila kuchelewa. Kama utumbo hautumiki, hapo ndipo inapokuja dripu inayolisha kweli: mfuko mweupe kama maziwa, wenye sukari nzito, amino asidi (vipande vinavyojenga protini), mafuta, vitamini na madini. Hupitishwa kwenye mshipa mkubwa karibu na moyo, kwa sababu sukari nzito hivyo huunguza mishipa midogo ya mkono. Stanley Dudrick wa Philadelphia aliithibitisha miaka ya 1960 kwa watoto wa mbwa waliokua vizuri bila kuonja kitu. Ni ghali, huleta maambukizi, na kwa aliyekonda sana huanzishwa taratibu, kwani chakula cha ghafla hushusha madini ya fosfeti na potasiamu kwenye damu kiasi cha kuyumbisha moyo.

Mama mdogo hakufika huko. Siku ya tatu alimjibu daktari "ndiyo", akapewa uji, akaumaliza. Baadaye alituambia njaa ilimuuma tangu jioni ya siku ya kwanza, ila alinyamaza, kwa kuwa nilishamweleza kwamba dripu inamlisha.