Je, wajua kwa nini joto huusogeza msawazo wa kikemia?

Chukua mrija wa kioo uliozibwa kabisa, wenye gesi ya naitrojeni dioksidi ndani yake, uutumbukize katika maji ya barafu: rangi ya kahawia itafifia mpaka ibaki manjano hafifu. Uhamishie katika maji ya moto, na kahawia itarudi, tena iliyokolea. Hakuna kilichoingia wala kilichotoka. Molekuli za NO₂, zenye rangi, huungana mbili mbili kuwa N₂O₄ isiyo na rangi, nazo hizo huachana tena, bila kukoma; kasi ya kuungana ikilingana na ya kuachana, huo ndio msawazo.

Kwa miaka mingi niliamini kwamba joto huharakisha mmenyuko wa kwenda tu, hivyo kadiri unavyopasha ndivyo unavyovuna zaidi. Sivyo. Joto huharakisha kwenda na kurudi kwa pamoja. Na lau lingeharakisha pande zote mbili kwa kiwango kimoja, kama kifanyavyo kichocheo (kitu kinachoharakisha mmenyuko bila chenyewe kuisha), msawazo usingesogea hata kidogo na rangi ile isingebadilika. Siri ni kwamba pande hizo mbili hazinufaiki sawasawa.

Wazia ukuta uliojengwa mahali ambapo ardhi ya upande mmoja iko chini na ya upande wa pili imeinuka. Aliye chini huuona ukuta mrefu, aliye juu huuona mfupi, ingawa ni ukuta uleule. Sasa waongezee wote nguvu za kuruka. Wa juu walikuwa wakivuka karibu wote tangu awali, kwa hiyo nyongeza hiyo haiwafai sana. Wa chini, ambao ni wachache tu waliokuwa wakiweza, huanza kuvuka kwa wingi. Umati utahamia juu mpaka idadi ya wanaopanda ilingane tena na ya wanaoshuka. N₂O₄ ndiyo iliyo chini: kuivunja hufyonza takribani kilojuli 57 kwa kila moli, ilhali NO₂ huungana karibu bila kizuizi.

Kanuni ya Le Chatelier ya mwaka 1884, isemayo kwamba msawazo ukivurugwa husogea upande unaopunguza badiliko hilo, hutabiri mwelekeo huo, lakini haielezi sababu yake. Katika kutengeneza amonia mambo hugeuka, kwa kuwa mmenyuko huo hutoa joto: kuupasha hupunguza mavuno. Hata hivyo, viwanda huuendesha kwenye nyuzijoto 400 hadi 500 za Selsiasi, kwa sababu kwenye baridi, hata kukiwa na kichocheo cha chuma, ungekwenda polepole mno.

Pale ambapo ardhi ya pande zote mbili inakaribia kulingana, kama ethanoli na asidi ya asetiki zinapounda esta, joto karibu haliusogezi msawazo. Huufikisha tu upesi zaidi palepale.