Saksafoni kuukuu: jina lililochorwa lisikudanganye

Wiki iliyopita kijana mmoja kanitumia picha kwa WhatsApp. "Fundi, nimepata saksafoni ya 1914! Imeandikwa Wurlitzer, namba yake 1119954. Niinunue?" Nikamjibu kwamba hiyo si namba ya ala, 1914 si mwaka wake wa kuzaliwa, na Wurlitzer hawakuitengeneza. Kimya robo saa nzima.

Maneno "PAT'D DEC. 8, 1914" pamoja na ile 1119954 ni alama ya hataza ya Marekani, yaani haki ya mvumbuzi iliyosajiliwa. Ililinda njia ya kuvuta kingo za matundu ya sauti kutoka kwenye bati lenyewe la mwili, badala ya kulehemu pete juu yake. Kampuni ya Conn iliendelea kugonga alama hiyo miaka mingi baadaye, kwa hiyo inachokuambia ni kwamba ala haikutoka kabla ya tarehe hiyo, basi. Namba halisi iko hapohapo nyuma, karibu na ndoano ya kidole gumba.

Na Wurlitzer? Kwa saksafoni, hao walikuwa wauzaji. Miaka ya 1920 Marekani ilikuwa imepagawa na saksafoni, na maduka yaliagiza viwandani ala zilizochorwa jina la duka. Conn, Buescher na Martin, vigogo watatu wa kazi hiyo, wote walikuwa mji mmoja: Elkhart, jimbo la Indiana. Mimi jina la kwenye kinywa cha ala, pale mbele inapopanuka, hulisoma mwisho kabisa.

Ninachotazama kwanza ni matundu. Inua kifuniko, angalia ukingo. Ukiona mstari wa kulehemu kuzunguka shina la tundu, na ukingo uliochongwa mshazari, mfikirie Martin. Ukingo uliokunjwa nje, laini kama mdomo wa sufuria, ni wa Conn wa kuanzia miaka ya 1920 hadi 1947 hivi. Ila usikimbilie: Keilwerth, Wajerumani, nao walikunja. Tena ala ambazo Conn waliwatengenezea wenye maduka kwa kawaida hazikukunjwa, kwa hiyo ukingo ulionyooka haumwondoi Conn kwenye orodha.

Ya kijana wetu ilikuwa na matundu ya kuvutwa, kingo zilizonyooka, na alama ya hataza. Ni Conn aliyevaa kanzu ya Wurlitzer. Mpaka hapo ningemwambia anunue.

Nikaomba picha ya karibu ya namba. Chini yake palikuwa na herufi H. Ingekuwa L, ala ingelingana na bendi za leo, noti ya A ikiwa hertzi 440. H ni kipimo cha sauti ya juu cha zamani, A karibu 457. Kuvuta kipulizio nje hakusaidii, maana matundu yote yalipangwa kwa bomba fupi. Ukirekebisha noti moja, nyingine zinapotea.

Bahati yake alikuwa ametoa arbuni tu.