Kabla ya kununua gari lililotumika, soma ukaguzi wake wa miaka yote

Muuzaji akikuonyesha cheti cha ukaguzi cha wiki iliyopita, kipokee, mshukuru, kisha muulize vya miaka ya nyuma viko wapi. Cheti kipya kinathibitisha jambo moja tu: siku ile gari lilifikia kiwango cha chini kinachoruhusiwa barabarani. Hakikuambii kama breki zilifaulu kwa kubahatisha, wala kama tairi zilizokaguliwa ndizo unazoziona leo. Wapo wanaoazima tairi nzuri kwa ajili ya siku hiyo tu.

Historia ya ukaguzi ni kitu kingine. Inaonyesha kila mara gari lilipokaguliwa: tarehe, kilomita, lilifaulu au lilifeli, lilifelishwa na nini, na mkaguzi alitoa tahadhari gani. Uingereza imelirahisisha jambo hili, kwani ukiwa na namba ya usajili tu unaweza kuona bure, kwenye tovuti ya serikali, matokeo ya MOT, yaani ukaguzi wa lazima wa magari nchini humo, kuanzia 2005. Ubelgiji, sheria inamtaka anayeuza gari lililotumika ampe mnunuzi hati iitwayo Car-Pass, yenye kilomita zilizorekodiwa tarehe mbalimbali. Japani gari jipya la kawaida hukaguliwa baada ya miaka 3, kisha kila baada ya miaka 2, na cheti cha ukaguzi huo, shaken, huandikwa kilomita za gari. Mahali ambapo kumbukumbu haziko wazi kwa umma, mwombe mwenye gari akupe vyeti vyote alivyonavyo, au muende pamoja kwenye mamlaka ya usajili. Akianza kutoa visingizio hapo, umeshapata sehemu ya jibu.

Anza na namba ya chasisi. Isome kwenye gari lenyewe, ilipogongwa kwenye bodi, usiisome kwenye kadi pekee. Magari mengi yana namba ya herufi na tarakimu 17, na ndani yake hutakuta herufi I, O wala Q, maana hufanana mno na 1 na 0. Ukiiona mojawapo, ama umesoma vibaya ama kuna mkono umepita. Magari yaliyoundwa kwa soko la ndani la Japani huwa na namba fupi zaidi yenye kistari katikati, kwa hiyo ufupi peke yake usikutie hofu. Namba ya gari, ya kadi na ya kumbukumbu za ukaguzi lazima ziwe moja, herufi kwa herufi. La sivyo utakuwa unasoma maisha ya gari jingine.

Sasa njoo kwenye kilomita. Chukulia mfano wa kumbukumbu zinazosomeka hivi. 2018: kilomita 61,200, limefaulu. 2019: kilomita 80,900, limefaulu, kwa tahadhari ya kutu kwenye paipu za breki. 2020: kilomita 101,300, limefeli, tairi la mbele kushoto limelika upande wa ndani, siku mbili baadaye limefaulu. 2021: hakuna kitu. 2022: kilomita 74,500, limefaulu. 2023: kilomita 79,800, limefaulu.

Mnunuzi mwenye haraka anaona "limefaulu" la mwisho na kilomita zisizofika 80,000, anafurahi. Lakini gari hili lilikuwa likitembea karibu kilomita 20,000 kila mwaka, likapotea mwaka mzima, likarudi likiwa limepungukiwa kilomita 26,800. Odometa, yaani kihesabu kilomita, ya gari linalotembea hairudi nyuma yenyewe. Huenda dashibodi ilibadilishwa kihalali, na kama ni hivyo fundi aliyeibadilisha ameacha risiti. Bila risiti, hesabu kwamba kilomita zimechezewa.

Tofautisha hilo na kosa la kuandika. Mkaguzi akiandika 809,000 badala ya 80,900, mwaka unaofuata namba itarejea kwenye mstari wake. Kilomita zilizochezewa hazirejei. Zinaendelea kutoka pale zilipoteremshwa. Angalia pia kipimo, maana maili 50,000 ni kama kilomita 80,000, na wapo wanaoinukuu namba ya maili kana kwamba ni kilomita.

Rudi kwenye tairi lile la 2020. Kulika upande wa ndani ni dalili. Chanzo chaweza kuwa magurudumu yasiyopangwa sawa, bushi au boljointi (viungo vya mfumo unaoshika magurudumu) zilizochoka, au chuma kilichopinda baada ya ajali. Ukifunga tairi jipya unafaulu ukaguzi, ila ugonjwa unabaki chini. Ndiyo maana siku mbili baadaye gari lilifaulu, na ndiyo maana ningetaka kujua lilikuwa wapi mwaka 2021. Pengine liliegeshwa tu kwa sababu mwenyewe alisafiri. Pengine lilikuwa gereji likinyooshwa.

Kufeli si aibu ya gari. Lililofeli kwa taa iliyoungua likafaulu siku hiyohiyo halina kesi. Binafsi nina imani zaidi na gari lililofeli breki, likatengenezwa, risiti ikatunzwa, kuliko lenye umri wa miaka 12 ambalo halijawahi kuandikiwa tahadhari hata moja. Gari la umri huo lisilo na chochote cha kuandikwa ni nadra sana. Kinachonikera ni tahadhari inayojirudia: kutu ileile, mvujo uleule wa oili, mwaka baada ya mwaka. Hapo unamjua mwenye gari kuliko unavyolijua gari.

Halafu yapo ambayo historia haitakuambia kamwe. Ukaguzi wa MOT, kwa mfano, haupimi hali ya injini, klachi wala giaboksi. Gari linaweza kufaulu asubuhi na giaboksi ikafa jioni, na mkaguzi hajakosea. Madeni, wizi na wito wa kiwanda wa kurudisha magari yenye kasoro vinatafutwa kwenye kumbukumbu nyingine. Kwa hiyo mpe fundi wako, si wa muuzaji, nakala ya historia kabla hajaingia chini ya gari. Aanze na sehemu zilizoandikwa: paipu zile zimebadilishwa, au zimepakwa rangi juu ya kutu?

Wewe mwenyewe, fundi akiwa chini, angalia ubavu wa tairi. Tarakimu nne za mwisho za msimbo unaoanza na DOT ni wiki na mwaka wa kutengenezwa. 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Angalia mpira wa pedali ya breki na ngozi ya usukani. Gari linalodai kilomita 28,000 huku pedali imelika hadi chuma kinaonekana lina maelezo ya kutoa.

Kumbukumbu hizi zikague tena asubuhi ya siku ya kulipa, hata kama uliziona wiki iliyopita. Kati ya siku ya kwanza ya mazungumzo na siku ya malipo gari laweza kupelekwa kukaguliwa na kufeli, na muuzaji asikutajie.