Yomani wa Uingereza Hakuwa Mkulima Mdogo

Kila muhula ninaposahihisha insha kuhusu jamii ya Uingereza ya karne ya 15 hadi ya 17, nakutana na dai lilelile: kwamba yomani, yule ambaye nyaraka za Kiingereza humwandika "yeoman", alikuwa mkulima mdogo aliyemiliki kishamba chake na kukilima kwa mikono yake, bila kumtegemea wala kumwajiri mtu. Dai hili limenichosha, kwa sababu anayelikubali hawezi tena kueleza ni nani aliyekuwa akijilimbikizia ardhi vijijini na ni nani aliyekuwa akiipoteza.

Chimbuko lake ni sheria. Mwaka 1430 haki ya kuchagua wabunge wa kaunti iliwekewa sharti la ardhi ya umiliki huru yenye pato la angalau shilingi 40 kwa mwaka, na katika karne iliyofuata Sir Thomas Smith, mwanasheria aliyeandika kuhusu utawala wa Uingereza, alikitumia kipimo hicho kumweleza yomani. Kijijini, hata hivyo, mtu aliitwa yomani kwa hadhi aliyotambuliwa nayo na majirani. Wapo waliomiliki ardhi moja kwa moja, wapo walioishika kwa haki iliyoandikwa katika daftari la baraza la kabaila, wapo waliokodi tu, na wengi walichanganya njia hizo.

Hugh Latimer, aliyewahi kuwa Askofu wa Worcester, aliliweka wazi jambo hili alipohubiri mbele ya Mfalme Edward VI mwaka 1549. Alisema kuwa baba yake alikuwa yomani asiye na ardhi yake mwenyewe, bali shamba la kukodi la pauni 3 au 4 kwa mwaka. Hata hivyo shamba hilo lilitosha kuwapa kazi wanaume sita, lilikuwa na malisho ya kondoo 100, na mama yake alikamua ng'ombe 30. Mzee huyo alimsomesha mwanawe, aliwapa binti zake fedha walipoolewa, na mwaka 1497 alikwenda vitani Blackheath na farasi wake. Ni mkulima mdogo gani mwenye uwezo huo? Latimer alilalamika pia kwamba mpangaji aliyefuata alitozwa pauni 16 au zaidi, kiasi cha kushindwa hata kumpa maskini kinywaji. Kilichombana ni kodi, wala si udogo wa shamba.

Mayomani waliuza nafaka na sufu sokoni, walinunua vipande vya majirani waliozidiwa na madeni, na baadhi yao walinufaika ardhi ya pamoja ilipozungushiwa ua na kugeuzwa mali ya watu binafsi. Wapo waliowazidi utajiri waungwana wa jirani, yaani wamiliki ardhi wa tabaka lililokuwa juu yao. Ushauri wangu haubadiliki: kabla ya kuandika neno lolote juu ya yomani, soma orodha za mali za marehemu zilizotakiwa na sheria ya mwaka 1529, uhesabu mifugo, vitanda na madeni aliyowadai wengine. Utaona pia kwamba mtu aliyejiita yomani katika wosia wake aliweza kuandikwa daraja la chini zaidi katika hati nyingine.

Wengine hudhani kuwa yomani alikuwa mkulima tangu mwanzo. Katika karne ya 14 neno hilo lilimtaja zaidi mtumishi wa nyumba kubwa, aliyekuwa chini ya skwaya, yaani msaidizi wa mpiganaji wa farasi, na juu ya mtumishi wa kawaida. Ndivyo alivyo yule mwenye upinde anayefuatana na mpiganaji wa farasi katika Hadithi za Canterbury za mshairi Chaucer. Walinzi wa mfalme walioundwa na Henry VII mwaka 1485 walilichukua jina hilo katika maana hiyo ya utumishi, nao si walewale wanaolinda Mnara wa London.

Vikosi vya farasi vya kujitolea vilivyoanzishwa mwaka 1794 kwa hofu ya kuvamiwa na Ufaransa navyo vilibeba jina la mayomani, lakini kile cha Manchester na Salford, kilichouvamia kwa mapanga umati uliodai mageuzi ya Bunge tarehe 16 Agosti 1819, kilijaa wenye maduka, wenye viwanda na wauza pombe.

Mwisho, si kweli kwamba uzungushaji ua uliwafuta mayomani kwa pigo moja. Wapo walioshuka wakawa vibarua, wapo waliopanda wakaitwa waungwana, na waliobaki kati yao wakazoea kuandikwa wakulima tu kadiri karne ya 18 ilivyosonga na ya 19 ilivyoingia.