"Nimezoea" si kinga: dhana potofu za usalama kwenye saiti ya ujenzi

"Fundi mzoefu haanguki." Uzoefu humpa fundi ustadi, lakini pia humtoa hofu. Aliyetembea juu ya jukwaa lisilo na reli za pembeni za kuzuia mtu asianguke mara mia huanza kuona reli ni mapambo, kumbe mara zote hizo amebahatika. Ukidondoka kutoka mita 2 unafika chini kwa sekunde 0.64. Mkono hauwahi kushika kitu.

"Mtaro usio na kina kirefu hauui." Hii ndiyo dhana tunayoiogopa kuliko zote. Mita moja ya ujazo ya udongo ina uzito wa tani 1.5 hivi. Ukifukiwa hadi kifuani, mbavu hazitanuki na hewa haiingii, hata kichwa kikiwa nje. Kanuni za Marekani zinataka kingo zizuiwe au zilazwe mtelemko kuanzia kina cha mita 1.5, na udongo uliochimbwa ukae angalau sentimita 60 kutoka ukingoni. Ukuta uliosimama wima jana unaweza kuporomoka leo kwa mvua, ukavu unaoupasua, au mtikisiko wa lori. Ukaguliwe kila asubuhi kabla mtu hajashuka, na tena mvua ikinyesha.

"Nimevaa mkanda, niko salama." Mkanda wa usalama hushikwa na kamba iliyofungwa mahali imara. Piga hesabu kuanzia pale kamba ilipofungwa: kamba mita 1.8, kifyonza mshtuko (kipande cha kamba kinachofunguka ili kupunguza kishindo) kikifunguka mita 1.1, mwili kutoka mgongoni hadi nyayo mita 1.5, akiba mita 1. Jumla ni mita 5.4. Ukiwa umeifunga mita 4 kutoka ardhini, utagonga chini kabla haijakusimamisha. Ifunge juu ya kichwa, kwenye nguzo imara, si kwenye bomba la maji. Tena aliyening'inia ashushwe ndani ya dakika chache, kwa hiyo atakayemshusha na kifaa chake wajulikane kabla kazi haijaanza.

"Saruji mbichi ni uchafu tu." Huunguza ngozi, na mara nyingi maumivu huja baadaye. Osha mara moja kwa maji mengi.

"Amesaini fomu ya mafunzo, basi amefunzwa." Sahihi inaonyesha alikuwepo, basi. Mpe mkanda auvae mwenyewe, achague pa kufunga kamba, aeleze kwa nini, kwa lugha anayoizungumza kila siku. Dakika 10 za namna hiyo kando ya mtaro wenyewe zinafaa kuliko saa nzima ya kusomewa kanuni. Na kibarua akisema tofali limemkosa kidogo, msimamizi asimkaripie, atafute lilikotoka.