Hakuna Uvivu wa Pwani: Dhana Potofu Kuhusu Kazi na Umaskini

Mgeni akishuka Lamu mchana wa Julai, akapita uwanja wa Mkunguni na kuona wanaume wamekaa barazani, hukumu yake huwa tayari kabla hajafika alikofikia: watu wa Pwani ni wavivu. Maneno hayo utayasikia kwenye matatu na kwenye ofisi za ajira, na siku hizi hata watoto wetu wenyewe wanayasema. Yana madhara. Mwajiri akiyaamini, hamwiti kijana wa Amu, yaani Lamu, kwenye mahojiano ya kazi. Serikali ikiyaamini, umaskini wetu unageuka kuwa tabia, na tabia haitengewi bajeti.

Dhana: Maskini ni maskini kwa sababu hafanyi kazi ya kutosha

Utafiti wa wachumi uliochapishwa mwaka 2018, uliolinganisha nchi nyingi, ulionyesha kwamba mtu mzima katika nchi maskini hufanya kazi saa nyingi kuliko mwenzake wa nchi tajiri, zaidi kwa karibu nusu. Mfanyakazi wa Ujerumani hufanya takriban saa 1,340 kwa mwaka, wa Meksiko takriban 2,200. Kama utajiri ungefuata saa za jasho peke yake, Meksiko ingekuwa tajiri kuliko Ujerumani. Kinachowatenganisha ni vile vitu vinavyoandamana na jasho: mashine, umeme wa uhakika, barabara, mtaji, na nguvu ya kupanga bei.

Turudi kwa wale wa barazani. Julai ni kusi, msimu wa upepo mkali wa kusini. Bahari imechafuka, na mwenye mashua ndogo akitoka nje ya mlango wa bahari anahatarisha roho yake. Ndiyo miezi ya kushona nyavu, kutia kalafati na kungoja. Ikija kaskazi, wanaume walewale watakuwa wametoka usiku, wamerudi alfajiri, na saa sita wamekaa kwa sababu kazi yao ya siku imekwisha mgeni akiwa bado amelala. Na kwa miaka kadhaa uvuvi wa usiku ulipigwa marufuku hapa kwa sababu za usalama. Mvuvi akakatazwa kwenda baharini, kisha akaitwa mvivu kwa kukaa nchi kavu.

Hata akienda, hesabu yake ni hii. Tuseme mashua imerudi na samaki wa shilingi 12,000. Mafuta, barafu na masurufu vimekula 4,000. Katika 8,000 zilizobaki, chombo na nyavu vina fungu lao. Tuseme ni nusu. Mabaharia wanne wanagawana nusu ya pili, yaani 1,000 kila mmoja. Sasa tajiri, yule mnunuzi aliyewakopesha nyavu au pesa za karo, anafungua daftari lake na kukata deni. Bei ya samaki ameipanga yeye, kwa sababu ana friza na wao hawana, na samaki hangoji. Mabaharia hao wangeongeza saa mbili za kazi, sehemu kubwa ya nyongeza ingekwenda kwa mwenye chombo na mwenye barafu. Ukitaka kumtoa baharia kwenye umaskini, mpe njia ya kuwa na friza na hisa katika chombo. Mahubiri ya bidii hayamsaidii.

Shutuma yenyewe ina historia, na kwa sehemu kubwa ilizaliwa hapa Pwani. Karne ya 19 Malindi ilikuwa ghala la nafaka: mtama na ufuta vikipakiwa majahazini kwenda Unguja na Uarabuni, na mashamba hayo yalilimwa na watumwa. Utumwa ulipofutwa kisheria katika ukanda huu mwaka 1907, wengi walioachiwa huru walitaka vipande vyao vya ardhi, hawakutaka kurudi kwenye mashamba ya mabwana kwa ujira mdogo. Wakati huohuo Wagiriama waliovuka mto Sabaki walikuwa wakilima mahindi na kuyauza vizuri. Serikali ya kikoloni ilihitaji vibarua wa mashamba makubwa, na hawa hawakuwa na haja ya kibarua cha mtu. Wakaitwa wavivu. Ikatumika kodi ya nyumba kuwasukuma, ukaja uandikishaji wa nguvu, na mwaka 1913 Mekatilili wa Menza, mwanamke wa Kigiriama, akasimama kuupinga. Alikamatwa akapelekwa Kisii, akatoroka akarudi. Mwaka 1914 wanajeshi waliingia, na Wagiriama wakaamriwa kuhama ng'ambo ya kaskazini ya Sabaki, ardhi iliyokuwa ikiwalisha. Aliyeitwa mvivu, basi, alikuwa mkulima mwenye ziada ghalani. Kosa lake ni kujifanyia kazi mwenyewe.

Wapo watakaosema hayo ya kale yamepita, leo kila mtu ana nafasi yake. Mwaka 2018 OECD, jumuiya ya nchi nyingi zilizoendelea, ilikadiria inachukua vizazi vingapi kwa ukoo wa maskini kufikia kipato cha wastani. Denmark ni vizazi 2. Uingereza na Marekani ni 5. Brazil na Afrika Kusini 9, Kolombia 11. Siamini kwamba mtoto wa Bogotá ana uvivu mara tano zaidi ya mtoto wa Copenhagen. Shule zao, hospitali zao na urithi wao ndivyo vinavyopishana.

Dhana: Takwimu za ukosefu wa ajira ziko chini, kwa hiyo kazi zipo

Kwa kipimo cha kimataifa, mtu aliyefanya kazi ya kipato walau saa moja katika wiki anahesabiwa kuwa ana kazi. Kijana aliyebeba mizigo ya boti moja kutoka Mokowe Jumatatu, kisha akakaa mpaka Jumapili, yumo kwenye hesabu ya walioajiriwa. Kenya zaidi ya asilimia 80 ya walio na kazi wako sekta isiyo rasmi, bila mkataba wala pensheni. Asiye na akiba hawezi kukaa bila kazi. Atauza mahamri, ataendesha bodaboda ya mtu, atachukua chochote. Ndiyo maana nchi maskini huweza kuonyesha asilimia ndogo ya wasio na ajira kuliko Afrika Kusini, ambako zaidi ya watu 30 katika kila 100 wa nguvukazi hawana kazi. Swali la maana ni kazi hiyo inalipa nini, na mwezi ujao itakuwapo?

Dhana: Mke wangu hafanyi kazi, yuko nyumbani tu

Mwaka 2018 Shirika la Kazi Duniani lilitoa hesabu: kazi za nyumbani na za kulea zisizolipwa ni saa bilioni 16.4 kwa siku duniani kote, na zaidi ya robo tatu ya saa hizo ni za wanawake. Na hapa Lamu hata ile kazi ya kuuza haihesabiwi. Mtazame mwanamke anayeshona kofia ya vito: mtoto mapajani, chungu jikoni, na mkononi kitambaa cheupe ambacho kila tundu dogo analizungushia uzi kwa sindano. Kofia moja humchukua miezi. Anayekuja kuinunua humpa bei aitakayo, akaiuze kwingine kwa zaidi. Akija karani wa sensa, mwenye nyumba anajibu, "Mama wa nyumbani." Mama karanga anayekaanga samaki pale diko naye ni hivyohivyo, ingawa bila yeye samaki wengi wadogo wasingefika mezani.

Dhana: Bandari ikija, kazi zitatujaa

Mradi wa LAPSSET, wa bandari mpya na njia za kwenda Sudan Kusini na Ethiopia, ulizinduliwa Lamu Machi 2012, na gati la kwanza likafunguliwa tarehe 20 Mei 2021. Mpango wa awali ulikuwa wa magati 32. Siupingi kwa kuwa ni mkubwa. Ninachopinga ni ahadi kwamba meli na ajira ni kitu kimoja.

Bandari ya leo ni kreni na kompyuta. Mabadiliko hayo yalianza mwaka 1956, meli Ideal X ilipoondoka Newark na makontena 58 kuelekea Houston. Mzigo uliokuwa ukihitaji makuli kadhaa kwa siku kadhaa ukawa unashushwa na watu wachache kwa saa. Gati za mjini London zilizowahi kuajiri maelfu kwa maelfu zilikuwa zimefungwa kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1980. Lakini makuli wa pwani ya magharibi ya Marekani walikaa mezani mapema. Mwaka 1960 chama chao kilikubali mashine ziingie, na waajiri nao wakakubali kuwalindia kipato na kuwachangia mfuko wa kustaafu. Mashine zilikuwa zilezile. London na San Francisco zilitofautiana katika kilichoandikwa kabla ya kreni kufika.

Kwetu kilichoandikwa kilichelewa. Uchimbaji wa mkondo wa meli uligusa maeneo ya uvuvi, na ilibidi wananchi waende mahakamani. Mwaka 2018 Mahakama Kuu iliamua kwamba wavuvi karibu 4,600 walipwe shilingi bilioni 1.76. Gawanya sawasawa: ni kama 380,000 kwa mtu, mara moja, kwa bahari iliyomlisha babu yake na ambayo ingemlisha mjukuu. Uamuzi ule ulikuwa haki, na nawaheshimu waliousimamia. Hata hivyo fidia haifanyi kazi ya mshahara. Wenye kudai sasa wadai mafunzo ya kuendesha kreni, zabuni kwa wafanyabiashara wa kaunti, na vyombo vya bahari kuu kwa vikundi vya wavuvi, na yote yawe na tarehe.

Dhana: Wageni wanatumalizia kazi

Hili nalisema kwa uangalifu, kwa sababu Lamu imemwaga damu kwa maneno ya aina hii. Kazi hazina idadi iliyofungwa. Anayekuja hununua unga, hupanga chumba, hunyoa nywele, na matumizi yake ni kazi ya mwingine. Mwaka 1980 Wakuba wapatao 125,000 waliingia Marekani kwa miezi michache, wengi wakabaki Miami. Mchumi David Card alipochunguza hakuona mishahara ya wenyeji ikiporomoka. Wenzake wengine walimpinga, hasa kuhusu wale ambao hawakumaliza shule, na mjadala haujakwisha. Lakini mji ule haukukosa kazi kwa kujaa watu.

Ardhi ndiyo yenye mwisho. Sheria ya hatimiliki ya mwaka 1908 iliwapa hati wachache waliojua kudai, na wenyeji wengi wakawa maskwota juu ya makaburi ya wazee wao. Manung'uniko ya Pwani ni ya ardhi, nayo ni ya haki. Kuyaelekeza kwa fundi aliyetoka bara kutafuta riziki ni kumshika asiyehusika na kumwacha mwenye hati.

Dhana: Kibarua hana haki

Anazo. Sheria ya Ajira ya 2007 inasema kibarua aliyefanya kazi siku mfululizo zinazofikia mwezi mmoja, au aliyepewa kazi ambayo kwa jumla haitarajiwi kuisha kabla ya miezi mitatu, anahesabiwa kama mfanyakazi wa mwezi. Anastahili siku ya mapumziko yenye malipo kila wiki na notisi kabla ya kuachishwa. Kuandika mkataba wa miezi mitatu au zaidi ni jukumu la mwajiri, na asipoweza kuuonyesha, ni yeye atakayebeba mzigo wa kukanusha anachodai mfanyakazi. Wanaolinda nyumba za watalii Shela na wanaofagia hoteli za Malindi miaka nenda rudi kwa jina la "kibarua" wengi hawajaambiwa hilo.

Kwa hiyo weka daftari la siku ulizofanya kazi, na usifute ujumbe wa malipo ya simu, maana ni ushahidi. Anza na ofisi ya kazi ya kaunti. Ukiachishwa, usikae ukingoja kuitwa tena: dai la ajira lazima lifike mahakamani ndani ya miaka 3.