Je, Wajua kwa Nini Kashata Hung'oa Breisi na Halua Hupita Salama?

Idi Mosi iliyopita, nikiwa kwa mama mdogo Mombasa, niliuma kashata ya njugu nikasikia "tik" mdomoni. Nilidhani ni njugu. Nilipopapasa kwa ulimi nikakuta kibati kimoja cha breisi, vile vyuma vya kunyoosha meno, kimebanduka jinoni, kinazungukazunguka kwenye waya kama shanga uzini. Mama mdogo alicheka mpaka akashika mlango. "Mtu mzima wavaa vyuma, kisha watafuna kashata?"

Kilichonishangaza ni kwamba kabla ya hapo nilikuwa nimeshakula halua, tena si kidogo, na hakuna kilichotikisika. Sukari ni ileile. Sasa tofauti iko wapi?

Tuanze na gundi. Zamani kila jino lilivishwa pete ya chuma kulizunguka. Mwaka 1955, Michael Buonocore, daktari wa meno wa Rochester, Marekani, alieleza njia nyingine. Viwandani, chuma kilikuwa kikipakwa asidi ya fosforasi ili rangi ishike vizuri. Yeye akaijaribu kwenye meno. Asidi hiyo hukwaruza enameli, yaani ganda gumu la nje la jino, na kuacha vitundu visivyoonekana kwa macho. Gundi ikipakwa huingia humo, na ikigandishwa kwa taa ya buluu inakuwa imeota mizizi. Vibati vya leo hushikiliwa kwa njia hiyohiyo.

Utauliza, mbona wasitengeneze gundi isiyobanduka kabisa? Kwa sababu siku moja lazima itoke. Ingekuwa kali kupita kiasi, siku ya kuvua breisi ingeondoka na vipande vya jino. Kwa hiyo gundi hii imepimwa makusudi: istahimili wali na samaki miaka miwili, kisha ikubali koleo la daktari. Koleo hilo hubana au kubanjua kibati kutoka ubavuni. Na kashata ngumu, ukiiuma kwa meno ya mbele, hufanya kazi ileile ya koleo, ila bila miadi.

Ugumu wake unatoka sufuriani. Sukari inayochemka hupoteza maji kadiri moto unavyopanda. Ikifika karibu nyuzi 150 za Selsiasi, maji yaliyobaki ni haba mno, na ikipoa inakuwa kama kioo: haibonyei, inavunjika tu, na nguvu yote ya taya hukiangukia kibati. Kashata ya nazi inayovunjikavunjika kama mchanga ina nafuu, maana sukari yake imerudi kuwa chembechembe. Halua ni habari nyingine kabisa. Wanga wake umeshika maji, samli imeilainisha, na jino likizama ndani yake hakuna kinachosukumwa. Angalia tu lozi zilizofichwa humo. Mimi huzichokoa kwanza, hata kama wenyeji wananitazama vibaya.

Lakini kibati kubanduka ni hasara ya mfuko tu. Hasara ya jino huja polepole. Bakteria mdomoni hula sukari na kutoa asidi, na pH (kipimo cha asidi: kikishuka, asidi imezidi) ikishuka chini ya 5.5 hivi, enameli huanza kupoteza madini. Mate huhitaji nusu saa au zaidi kurudisha hali. Mwenye breisi ana pembe nyingi za kuhifadhi mabaki, ndiyo maana wengine huvuliwa vyuma na kukuta alama nyeupe za mraba kwenye meno.

Hapo muda una uzito kuliko wingi. Hili lilionekana Sweden, katika hospitali ya Vipeholm, kati ya 1945 na 1955, kwa njia ya kusikitisha: wagonjwa wenye ulemavu wa akili walilishwa tofi za kunata bila ridhaa yao. Sukari iliyoliwa pamoja na mlo haikuongeza sana kuoza kwa meno. Tofi zilizoliwa kati ya milo ziliyaharibu vibaya.

Kwa kipimo hicho, adui wangu mkubwa wa Idi si kashata bali ubuyu. Ni mchachu wenyewe, umepakwa sukari, una kokwa ngumu, na haumalizwi: unatiwa mfukoni na kumumunywa toka adhuhuri mpaka magharibi. Asidi haipumziki hata kidogo. Sahani ya halua inayoliwa mara moja, ikasindikizwa na kahawa tungu na kisha kusukutuliwa kwa maji, inayaonea meno huruma zaidi. Kupiga mswaki husubiri kidogo, mpaka mate yafanye kazi yake.

Na kwa wanaodhani breisi ni za watoto: mfupa wa taya uko hai maisha yote. Waya ukilisukuma jino, upande mmoja mfupa humong'onyolewa na upande wa pili hujengwa, hata ukiwa na miaka 50, ila mwendo ni wa taratibu zaidi. Siku mbili tatu baada ya kukazwa, hata mkate huuma. Safari hii nimekazwa wiki ileile ya Idi. Mama mdogo ameshanipigia simu: kashata yangu ataikata kwa kisu vipande vya ukubwa wa kunde, na ubuyu ameuficha.